Zoezi Ndilo Tiba: Vifaa Vipya vya Mchezo na Watoto wa Mtindio wa Ubongo

Tarehe 6 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Mtindio wa Ubongo Duniani. Siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2012. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, huja siku moja tu baada ya kumbukumbu nyingine iliyo nzito, kwa kuwa ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2017 ambapo vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa na vita vikaanza. Kwa askari na polisi wanaolinda sehemu hizo, siku hizi mbili huenda zikaonekana hazina uhusiano wowote. Makusudi ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba uhusiano upo, na kwamba ni wa karibu.

Mtindio wa ubongo si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana ya ukoo, wala si kazi ya pepo. Ni jina la hali inayotokea pale ubongo wa mtoto unapoumia ungali mchanga: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya maisha yake. Sehemu inayoumia ni ile inayotoa amri kwa viungo. Mtoto hutaka kunyoosha mkono, nao haunyooki. Au huenda kusikokusudiwa. Au hukaza kama ubao. Daktari Mwingereza, William John Little, aliieleza hali hiyo katika karne ya 19, akaihusisha na uzazi wenye matatizo. Tangu wakati huo elimu imeongezeka, na imethibitika kwamba jeraha lenyewe la ubongo haliendelei kukua. Kinachoendelea kuharibika, mtoto asiposaidiwa, ni mwili. Misuli hufupika, maungio hukakamaa, na jambo ambalo mtoto angeweza kulifanya akiwa na miaka 3 huwa haliwezekani tena akiwa na miaka 10.

Hali hii haiwi sawa kwa watoto wote. Mwaka 1997 wataalamu wa Kanada walipanga ngazi 5 za kupimia uwezo wa mtoto. Aliye katika ngazi ya 1 hutembea na hata kukimbia, ingawa kwa shida kidogo. Aliye katika ngazi ya 5 huona taabu hata kusimamisha kichwa chake. Uchunguzi uliokusanya taarifa za nchi mbalimbali, na kutangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba mtoto 1 katika kila 3 hawezi kutembea, 1 katika kila 4 hawezi kusema, na 1 katika kila 4 ana kifafa. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba karibu nusu ya watoto hao hawana upungufu wa akili. Jambo hili lishikwe vizuri. Mtoto ambaye mdomo wake hautoi neno mara nyingi anasikia kila neno linalosemwa mbele yake, na analielewa.

Je, watoto hao ni wangapi? Jibu lililo karibu zaidi na pwani yetu limetoka Uganda. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawachunguza watoto 31,756, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Walikuta kiasi cha watoto 2.9 katika kila 1000. Hesabu hiyo inapita ile ya nchi nyingi tajiri. Lililo kubwa zaidi ni kwamba karibu robo ya watoto hao walipata jeraha baada ya kipindi cha uchanga, kwa maradhi kama malaria iliyopanda kichwani. Maana yake ni kwamba baadhi yao walizaliwa wazima. Chandarua, zahanati iliyo wazi na njia ya kufika huko kabla degedege halijamzidi mtoto vingeweza kuwaokoa.

Sasa tuitazame tiba mpya. Katika hospitali za Ulaya, Marekani, Australia na sehemu za Asia, watoto hawa wamekuwa wakifanyishwa mazoezi kwa njia iitwayo uhalisia pepe. Wakulima wa mpunga wanalijua neno pepe: ni punje yenye ganda lakini isiyo na kiini ndani. Uhalisia pepe ni dunia inayoonekana machoni na kusikika masikioni, lakini ukinyoosha mkono kuishika, haipo. Hutengenezwa kwa kompyuta. Mtoto huiona katika kioo kama cha televisheni kilichowekwa mbele yake, au ndani ya miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili. Kamera au kifaa kidogo cha mkononi hufuata kila mwendo wa mwili wake. Akiinua mkono, mkono wa picha nao huinuka. Matunda huanguka kutoka mtini, naye huyadaka. Mpira huja, naye huupiga. Daraja hutokea, naye hulivuka kwa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Askari hawana sababu ya kulistaajabia sana jambo hili, kwa kuwa jeshi ndilo lililotangulia kulitumia wazo lenyewe. Mwaka 1929 Mmarekani aitwaye Edwin Link, ambaye jamaa yake walikuwa mafundi wa vinanda, alitengeneza ndege ya mbao isiyoruka. Aliiweka juu ya mivukuto ya hewa, ikawa inainama na kugeuka kama ndege ya kweli kila rubani alipoushika usukani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya marubani walijifunza ndani ya ndege hiyo kabla ya kupanda angani. Aliyekosea hakufa, alianza upya. Mwaka 1968 mtaalamu mwingine wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani kilichomwonyesha mtu picha zilizogeuka kadiri alivyogeuza kichwa. Miwani ya leo ni vizazi vya chombo hicho.

Vifaa hivyo vilikuwa vya gharama kubwa mno kwa hospitali ya watoto. Mambo yalibadilika pale makampuni ya michezo yalipoanza kuviuza kwa watu wa kawaida. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa kifaa chake cha Wii mwaka 2006. Miaka 2 tu baadaye, mwaka 2008, wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Judith Deutsch walitangaza taarifa ya kijana mmoja mwenye mtindio wa ubongo aliyefanyishwa mazoezi kwa Wii, akaonyesha maendeleo katika kusimama na kutembea. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kamera iliyoweza kuufuata mwili mzima bila mtoto kushika chochote. Hapo waganga wa viungo wa nchi nyingi wakaanza kujaribu.

Kwa nini mchezo uwe tiba? Jibu ni lile ambalo kila kuruta hulipata katika juma lake la kwanza kambini. Hakuna anayejua kufungua na kufunga bunduki gizani kwa sababu aliambiwa mara moja namna ya kufanya. Anajua kwa sababu alirudia na kurudia, hata vidole vikashika kazi bila kungoja mawazo. Ubongo hujifunza kwa kutumika. Sehemu iliyoumia haifufuki, lakini sehemu nzima zilizo jirani zinaweza kuzoezwa kuchukua baadhi ya kazi zake, hasa mtoto akiwa bado mdogo. Kwa hiyo mtoto huyu anahitaji kurudia mwendo mmoja mara mamia, siku baada ya siku.

Hapa ndipo penye ugumu. Kuruta hurudia kwa kuwa ameamriwa na sajini. Mtoto wa miaka 6 haamrishiki. Akinyooshwa mkono mara 20 na mtu mzima, atalia, na mama yake atalia pamoja naye. Lakini akiwa anadaka matunda ya picha, atanyoosha mkono huo huo mara 200 na kuomba aongezwe muda. Mchezo humpa shabaha ya kuilenga. Humwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Humwongezea ugumu kidogo kidogo kadiri anavyoendelea. Zaidi ya hayo, humruhusu kushinda, jambo ambalo mtoto aliyezoea kuachwa nyuma na wenzake hulipata kwa nadra.

Ni lazima pia kuuliza kama tiba hii ina kiini ndani au ni pepe kama jina lake. Majaribio mengi yamefanywa, na wataalamu wameyapima kwa pamoja. Matokeo yanaonyesha kwamba mazoezi ya namna hii, yakiongezwa juu ya tiba ya kawaida ya viungo, yanaweza kuboresha matumizi ya mikono na uthabiti wa mwili. Hata hivyo, majaribio mengi yalihusu watoto wachache na muda mfupi, na wengi wao walikuwa wa ngazi za juu za uwezo, wale wanaoweza kusimama au kushika kitu. Hakuna aliyethibitisha kwamba mashine peke yake, bila mtaalamu anayemwongoza mtoto, inatosha.

Kuna tahadhari nyingine pia. Picha zinazomulika na kuzimika zinaweza kumwamshia kifafa mtoto mwenye hali hiyo. Miwani ya kufunika macho huleta kizunguzungu kwa baadhi ya watu, na watengenezaji wake huweka umri ambao mtoto aliye chini yake asiivae. Kifaa huhitaji umeme usiokatika, fundi na vipuri. Tena hupitwa na wakati upesi: Kinect, iliyosifiwa sana mwaka 2010, iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Hospitali inayoweka matumaini yake yote katika chombo kimoja yaweza kujikuta baada ya miaka michache ina sanduku lisilo na kazi.

Katika nchi ya Australia, mtaalamu Iona Novak na wenzake waliziorodhesha tiba za mtindio wa ubongo kwa mfano wa taa za barabarani, kwanza mwaka 2013, kisha upya mwaka 2020. Polisi wa usalama barabarani wataelewa mara moja: kijani endelea, njano angalia, nyekundu simama. Tiba zilizopewa kijani kwa ajili ya mwendo na matumizi ya mikono ni pamoja na mazoezi yenye lengo alilolichagua mtoto na jamaa yake, kurudia kazi ile ile anayotaka kuiweza, mazoezi ya nyumbani yanayofuata mpango, na kuuzuia kwa muda mkono wenye nguvu ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Msikilizaji ataona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji umeme. Mashine ni msaidizi wa zoezi. Zoezi ndilo tiba.

Kwa ufahamu huo, tugeukie Mbau. Mbau ni makao ya utawala katika wilaya ya Mocímboa da Praia. Mji wa Mocímboa uliangukia mikononi mwa washambuliaji mwezi Agosti 2020, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Mbau ilifuata katika mwezi huo huo. Katika miaka hiyo karibu watu milioni moja wa Cabo Delgado na mikoa jirani waliyahama makwao, na hata mwaka 2025 mashambulizi yalikuwa hayajakoma mkoani. Katika nchi ya namna hiyo, mtoto asiyeweza kutembea hukimbia kwa miguu ya mama yake. Na mama mwenye watoto watatu, mmoja wao akiwa na mtindio wa ubongo, ana mikono miwili tu.

Kusema kwamba watoto wa Mbau wangoje miwani ya uhalisia pepe ni kuwaambia wangoje huku misuli inafupika. Mahali panapofaa kifaa hicho kwa kuanzia ni hospitali kubwa, kama ile ya mkoa iliyoko Pemba, penye mtaalamu wa viungo wa kukisimamia. Kijijini, kazi inaweza kuanza kwa vitu vilivyopo. Mwaka 1987 Mmarekani David Werner alichapisha kitabu kikubwa juu ya watoto walemavu wa vijijini, kilichotokana na kazi yake katika milima ya Meksiko, akionyesha kwa michoro jinsi ya kutengeneza vyombo vya tiba kwa fito, kamba na mipira ya magari. Huko Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alibuni namna ya kutengeneza viti imara kwa karatasi kuukuu na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga. Kiti cha namna hiyo hukatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, kikamkalisha wima, akaweza kula bila kupaliwa.

Pwani yetu ina vifaa vyake pia. Mchanga wa ufukweni, ukichimbwa shimo la kufika kiunoni, humshika mtoto akae wima na kuiachia huru mikono yake. Fito mbili zilizofungwa sambamba juu ya nguzo ni njia ya kujifunzia kutembea. Mchezo wa bao, ambao watu wazima huucheza chini ya mkorosho, ni zoezi kamili la vidole: kuokota kete, kuhesabu, kupanda kete moja katika kila shimo, kungoja zamu. Kuna shabaha, kuna kurudia, kuna kushinda. Mtoto akifungiwa kwa muda mkono wake wenye nguvu ndani ya kitambaa laini na kuchezeshwa bao kwa mkono dhaifu, anapata kwa hesabu ndogo yale ambayo mwenzake wa Ulaya huyapata mbele ya kioo. Linalohitajika ni mtu aliyefundishwa apite mara kwa mara kumwonyesha mama la kufanya na la kuepuka. Kazi ya namna hii si ngeni Afrika Mashariki. Nchini Kenya chama cha walemavu wa viungo, APDK, kimekuwapo tangu mwaka 1958, na mjini Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imewahudumia watoto wengi wenye hali hii.

Na hapo ndipo wajibu wa askari na polisi unapojitokeza. Mtaalamu hafiki mahali pasipopitika. Mama hatoki nyumbani na mtoto mgongoni ikiwa anahofia njia. Zoezi la kila siku halifanyiki katika nyumba ambayo kila juma inafungasha mizigo. Kila saa barabara inapokuwa salama, ni saa ya tiba.

Lakini kulinda njia hakutoshi. Yapo mambo ambayo askari mmoja mmoja anapaswa kuyajua. La kwanza linahusu kizuizi cha barabarani. Kijana mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuja akipepesuka, mate yakimtoka, maneno yake yakiwa mazito. Si lazima awe amelewa. Akiamriwa kuinua mikono yote miwili, huenda akainua mmoja tu, na huo mwingine ukakunjika kifuani kana kwamba unaficha kitu. Akipigiwa kelele, mwili wake hukaza zaidi na kurukaruka bila yeye kutaka. Katika sehemu ya vita, kosa la kuisoma hali hiyo linaweza kugharimu maisha ya mtu asiye na hatia. Askari ashike hadhari yake, lakini ashushe sauti, ampe muda, atoe amri moja kwa wakati mmoja, na awaulize aliofuatana nao.

La pili linahusu uhamishaji wa wananchi wakati wa hatari. Kamanda wa kituo anayejua mapema ni nyumba zipi zina mtoto asiyetembea, mzee au kipofu, anaweza kuzitengea gari la kwanza. Kamanda asiyejua atazikuta mwishoni, au hatazikuta kabisa. Orodha hiyo huandikwa siku ya utulivu, kwa msaada wa viongozi wa kijiji, na hutunzwa kwa siri ili isiangukie mikono isiyofaa. Huu si wema wa hiari. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Msumbiji mwaka 2012, yazitaka serikali ziwalinde watu hao katika vita na maafa. Tarehe 20 Juni 2019 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2475, likizitaka pande zote za vita zifanye vivyo hivyo.

La tatu ni la nyumbani. Wapo askari na polisi ambao wao wenyewe wana watoto wa namna hii. Baadhi ya akina baba humwona mtoto huyo kuwa aibu, humlaumu mkewe, na wengine huomba uhamisho wa kwenda mbali. Aibu haina msingi. Hali hii haikuletwa na mama, na mzigo wake haubebeki na mtu mmoja. Baba aliyefundishwa nidhamu ya zoezi ana kitu ambacho mtoto wake anakihitaji kuliko zawadi yoyote ya sikukuu: uwezo wa kufanya jambo lile lile leo, kesho na keshokutwa bila kuchoka. Nusu saa ya bao kila jioni anapokuwa likizo ni mwanzo mzuri.

Vifaa vya uhalisia pepe vitaendelea kuwa bora na bei yake kushuka. Iko siku mtoto wa Mbau naye atavivaa, na siku hiyo ikaribishwe. Lakini siku hiyo itamfaa tu yule atakayekuwa bado na mikono inayonyooka na mgongo unaosimama. Viungo hivyo vinatunzwa sasa, kwa mchanga, fito na kete, na kwa ulinzi wa wale waliopewa silaha ili wasioweza kukimbia wasilazimike kukimbia.